Barua ya wazi kwa viongozi na majaji wa shepadi wa Kijerumani: mwacheni mbwa asimame mwenyewe

Kwa waheshimiwa viongozi wa vyama vya shepadi wa Kijerumani, majaji wa maonyesho, na ninyi nyote mnaosaini vyeti vya kuzalishia,

Salamu nyingi kwenu.

Naandika hadharani kuhusu lile pozi tunalomweka shepadi uwanjani, mguu wa nyuma ukivutwa mpaka mgongo ushuke, kwa sababu kimya kimya nimeshajaribu na imeshindikana. Nilianza kwa kuongea na jaji mmoja baada ya maonyesho, akanisikiliza vizuri tu kisha akaniambia hayo ni mambo ya ofisi, nikaandikia ofisi, ofisi ikanijibu kwamba hukumu ya uwanjani ni ya majaji, nikarudi kwa majaji wakasema wao wanafuata kiwango kilichoandikwa cha jinsi shepadi anavyotakiwa kuwa, na kama nina shida na kiwango niandikie ofisi. Miaka miwili nimezungushwa hivyo. Barua yangu ya tatu haikujibiwa kabisa. Sasa naiweka hapa ili kila mwenye mbwa aisome na ninyi mjibu mbele ya watu.

Sina ugomvi na mtu. Na msinichukulie kama mtu wa pembeni aliyeona picha moja akapandwa na hasira, mimi nimefuga hawa mbwa miaka 19, nimewaingiza uwanjani, nimepiga goti kwenye nyasi nikashika mguu wa nyuma wa mbwa wangu nikauvuta taratibu mpaka mgongo ukashuka vile mnavyopenda, na nikapewa utepe. Kwa hiyo haya ninayoyasema na mimi nimeyafanya kwa mikono yangu.

Aliyenifungua macho ni Tausi. Jike mweusi na kahawia, damu ya maonyesho upande wa baba na upande wa mama, nyonga zimepigwa eksirei zikapita, viwiko vimepita, maonyesho 11 na katika hayo mara saba alipata daraja la juu. Alipofika miaka sita nikaanza kusikia sauti usiku akitembea sakafuni, kwaruu, kwaruu, nikafikiri kucha zimerefuka. Asubuhi nikamshika miguu niangalie. Kucha mbili za katikati za miguu ya nyuma zilikuwa zimelika kwa juu, yaani upande wa juu jamani, mpaka nyama inaonekana, maana alikuwa haunyanyui mguu, anauburuta.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari hakuanza na mashine. Aliniambia niachie kamba, nikae kule kwenye kiti, nisimguse wala nisimwite, tumwache tu asimame dakika moja. Tausi akasimama. Sekunde kama kumi hivi visigino vya nyuma vikaanza kutetemeka, akahamishia uzito mguu huu, akahamishia mguu ule, akasogea hatua mbili, akakaa chini. Daktari akamnyanyua taratibu wakarudia, akakaa tena, na safari hii akaniangalia mimi kama anayeomba radhi. Baada ya vipimo nikaelezwa kwamba pale mgongo unapokutana na mfupa wa mkiani kuna mishipa ya fahamu inabanwa, na juu ya hapo visigino vyake vimelegea. Nyonga, zile zilizopimwa na kupigiwa muhuri, zilikuwa safi.

Nilimuuliza kama pozi ndilo lililomharibu. Akasema hawezi kuniambia hivyo, ugonjwa ule una sababu nyingi na upo hata kwa mbwa wasiowahi kukanyaga uwanja wa maonyesho. Nashukuru alisema ukweli. Lakini nilirudi nyumbani na swali ambalo mpaka leo halijanitoka: maonyesho 11, majaji wote wale wenye uzoefu, imekuwaje hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba mbwa huyu asimame mwenyewe dakika moja?

Hoja zangu ni hizi.

1. Pozi linaficha kile mlichoitwa kukiangalia.

Kwa ambao hawajui, lile pozi la shepadi liko hivi. Mguu mmoja wa nyuma unawekwa mbele chini ya tumbo, mwingine unavutwa nyuma mpaka kile kipande cha kuanzia kisigino hadi unyayo kisimame wima. (Kisigino cha mbwa ni kile kiungo kilichochomoza nyuma juu kabisa ya unyayo, wengi wanadhani ni goti lililogeuka.) Mguu ukishavutwa hivyo kiuno kinashuka chenyewe na mgongo unaonekana kama mtelemko kutoka mabegani hadi mkiani. Mbwa wa aina nyingine nyingi huonyeshwa miguu minne imesimama sawa, huyu wetu ndiye amepewa pozi lake peke yake.

Najua jibu lenu maana nimeshaambiwa mara nyingi: hilo ni pozi tu, mbwa mwenyewe hajapinda, hata mbwa wa mtaani ukimweka hivyo atatelemka. Ni kweli kabisa, nimejaribu, anatelemka. Ila mimi naona hapo ndipo penye msiba. Kama pozi linaweza kumpa mtelemko mbwa asiye na mtelemko, basi jaji anayetazama pozi anatazama mikono ya mshika kamba. Na bado kwa kutazama huko ndiko tunakochagua nani awe baba na nani awe mama. Anayekunjika vizuri zaidi ndiye anayeshinda, anayeshinda ndiye anayeitwa kupanda majike, watoto wake wanazaliwa na mfupa wa paja la chini (ule wa kati ya goti na kisigino) mrefu kidogo kuliko wa babu yao kwa sababu mguu wenye mfupa huo ndio unaovutika nyuma ukapendeza, na kizazi cha mbwa ni miaka miwili mitatu tu, hesabuni wenyewe vizazi vingapi vimepita tangu picha zetu zianze kubadilika. Halafu huyo mwenye paja refu akiachiwa asimame anavyotaka hana pa kuuweka huo mguu. Ama auache nyuma kabisa, ama aukunje chini ya mwili mpaka visigino vinakaribia ardhi, anaonekana kama chura anayetaka kuruka. Tausi alikuwa anasimama hivyo nyumbani kila siku na mimi nikidhani ndiyo uzuri wa damu yake.

2. Kiwango hakiwatumi mfanye hivyo.

Mnasema mnafuata kiwango, haya, tukifungue pamoja. Kiwango namba 166 cha FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, kinataka dume mwenye kimo cha sentimita 60 hadi 65 na jike 55 hadi 60, urefu wa mwili uzidi kimo kwa asilimia 10 hadi 17 hivi, mgongo imara wenye misuli, makalio yainame kidogo, takriban nyuzi 23. Paja la juu na paja la chini yawe karibu urefu sawa na yakutane kwa pembe ya nyuzi 120 hivi. Kisigino kiwe na nguvu na kiwe imara. Imara, wameandika. Sijaona mahali panapoomba visigino vinavyogongana au kuyumba kama tawi lenye nyani.

Na tukirudi nyuma kabisa, aprili 1899 pale Karlsruhe, Ujerumani, kapteni wa wapanda farasi Max von Stephanitz alimwona mbwa anaitwa Hektor Linksrhein, akamnunua, akampa jina la Horand von Grafrath na kumwandika namba moja kwenye kitabu cha ukoo, na mwezi huo huo SV, chama cha shepadi cha Ujerumani, kikaanzishwa. Alichompendea ni kazi na akili. Tazameni picha za Horand, mgongo uko sawa, miguu iko chini yake. Mwaka 1925 von Stephanitz huyo huyo alipoona mbwa wamekuwa warefu mno na wa mraba alimpa ushindi Klodo von Boxberg, mbwa mfupi zaidi na mrefu wa mwili, akageuza mwelekeo wa mbwa wote kwa uamuzi wa siku moja. Hili nalileta kwa makusudi. Mtu asiniambie jaji hana uwezo, jaji mmoja alishaigeuza aina nzima.

3. Mwendo mnaouhukumu ni mwendo wa kuvutwa.

Shepadi ni mbwa wa mchakamchaka, sawa, na mchakamchaka wake ukiwa mzuri hakuna kitu kinachonifurahisha duniani kama hicho. Lakini uwanjani mbwa anakimbia kamba imekaza, kifua kinaning'inia kwenye kamba, na huku nje ya uzio mwenye mbwa anakimbia sambamba anapiga filimbi, anapunga mpira, anaita jina, ili mbwa avute zaidi na ainue kichwa. Sheria zenu zinalikataza au zinalibana, kila mtu anajua, na kila wikiendi linafanyika mbele ya macho yenu. Mbwa anayevuta hivyo anabebwa na kamba kwa mbele na spidi inaficha nyuma. Mpeni kamba iliyolegea, atembee polepole akiwapa mgongo, mtaona visigino vinaingia ndani na kutoka nje kila hatua. Hatua ishirini zinatosha.

4. Damu imekuwa moja.

Aina hii ilianza na mbwa wachache, Horand na watoto na wajukuu wake walipandishwa wao kwa wao, hilo lilishafanyika na halirudi nyuma. Lakini mstari wa maonyesho, yaani ukoo wa mbwa wanaozalishwa kwa ajili ya uwanja, ukabanwa tena miaka ya 1970, leo fungua cheti cha ukoo cha shepadi wa maonyesho uende nyuma ya kutosha utamkuta dume Quanto von der Wienerau, utamkuta Canto von der Wienerau, na utawakuta tena na tena. Canto alikuwa na hemofilia, damu kutoganda, alikufa kijana. Dume mwenye hemofilia A watoto wake wa kiume hawairithi kutoka kwake, ila kila binti yake anabeba jeni hiyo, na kila mtoto wa kiume wa binti huyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua. Simlaumu Canto, mbwa hana kosa. Nasema dume mmoja akipendwa mno, hata kitu ambacho hakuna aliyekiona kinaenda naye kila mahali, na sisi bado tunakimbilia bingwa wa mwaka wote kwa pamoja kana kwamba madume mengine yameisha.

5. Muhuri mnaotoa hautoshi.

Kupima nyonga na viwiko ni jambo jema na wazee waliolianzisha tunawashukuru. Hata hivyo nyonga ni kiungo kimoja. Tausi alipita. Visigino havipimwi, pale mgongo unapokutana na mfupa wa mkiani ni wachache sana wanaopiga picha, na jeni ya SOD1 inayohusika na ule ugonjwa wa uti wa mgongo kuchakaa, ambao mbwa anapooza nyuma bila maumivu mpaka anabebwa kwa taulo, ina kipimo cha kawaida cha mate au damu na bado wazalishaji wengi hawataki kusema majibu. Halafu mtihani wa uvumilivu upo, kilomita 20 pembeni ya baiskeli, unasifiwa sana, lakini mbwa anaufanya akiwa kijana. Hakuna anayerudi kumwangalia akiwa na miaka minane, wakati ambapo watoto wake wako 60 au 80.

Mwaka 2017 chuo cha madaktari wa mifugo cha Royal Veterinary College cha London kilitoa utafiti wa shepadi wa Uingereza kutoka kwenye mafaili ya madaktari. Nusu yao hawakufika miaka 10 na miezi kadhaa. Na sababu zilizoongoza kuwaua ni mbili, matatizo ya mifupa na viungo, na kushindwa kusimama. Kushindwa kusimama imeandikwa kama sababu ya kifo. Mimi niliposoma hapo nilifunga nikatoka nje kwanza.

Sasa visingizio vilivyobaki.

Mnasema mbwa wa kazi nao wanaugua. Wanaugua, ndiyo, sijasema mstari wa kazi ni malaika, na nyonga mbovu zinatokana na jeni nyingi pamoja na chakula na jinsi mtoto anavyokuzwa. Lakini kazi ina hakimu wake, mbwa asiyeweza kuruka ukuta haruki, hakuna wa kumshikia mguu. Na tusisahau kwamba polisi na majeshi mengi yameshahamia kwa mbwa aina ya Malinois wa Ubelgiji, kazi iliyokuwa zaidi ya shepadi, na hawakuhama kwa sababu ya mitindo.

Mnasema wanunuzi ndio wanataka mgongo ule. Mnunuzi anataka kile alichoonyeshwa kwamba ndicho bingwa. Mimi mwaka wangu wa kwanza sikujua chochote, niliangalia nani amevishwa utepe nikasema namtaka wa hivyo.

Mnasema ni kelele za watu wasiojua mbwa. Mwaka 2008 BBC ilionyesha hali ya mbwa wa ukoo na baadaye ikaacha kurusha Crufts, yale maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, mkasema ni kelele. Mwaka 2016 pale pale Crufts shepadi jike akachaguliwa bora wa aina yake na dunia nzima ikaona anavyohangaika na miguu ya nyuma, na safari hiyo Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, yenyewe ikaongeza kwenye kiwango chake kwamba mbwa awe na uwezo wa kusimama kwa utulivu na bila kushikiliwa. Kwa hiyo ninachoomba si kitu cha ajabu, kuna mahali kimeshaandikwa. Kuandikwa na kutekelezwa ni vitu viwili lakini walau kimeandikwa.

Ninachoomba, waheshimiwa, ni haya:

Kwanza, kila shepadi anayeingia uwanjani asimame dakika moja kamba imelegea, mshika kamba asimguse, kabla ya pozi lolote. Asiyeweza atoke, hata akiwa bingwa wa mwaka jana. Hili halihitaji pesa wala mashine, linahitaji saa tu.

Pili, atembee polepole kwenda na kurudi, kamba imelegea, jaji akiwa nyuma yake, na maoni ya jaji kuhusu visigino yaandikwe kwenye ripoti kwa maneno yanayoeleweka. Yale ya "ungependelea uimara zaidi kidogo" tumeyachoka, semeni visigino vimelegea.

Tatu, mwenye mbwa akiita kutoka nje ya uzio mbwa wake aondolewe siku hiyo hiyo.

Nne, wekeni kikomo cha majike ambao dume mmoja anaruhusiwa kupanda kwa mwaka na kwa maisha yake, na muwape uzito madume ambao mama na baba zao walifika miaka tisa wakiwa wanatembea.

Tano, majibu yote ya vipimo, mabaya na mazuri, yawe wazi kwa kila anayetaka kununua mtoto. Yakiwa mabaya si aibu. Kuyaficha ndiko kunakotuumiza.

Nijibuni kwa maandishi kabla ya msimu ujao wa maonyesho. Kama kuna ninapokosea nionyesheni, nitasahihisha hapa hapa nilipoandika.

Tausi tulimlaza usingizi wa mwisho miezi saba iliyopita, alikuwa na miaka minane na wiki mbili. Asubuhi ile alijaribu kuinuka anipokee mlangoni kama kawaida yake, mbele ikainuka, nyuma ikabaki sakafuni, na mkia ukawa unapiga pale pale chini.

Ana binti, Zena. Kama atazaa au hatazaa sijaamua, nasubiri vipimo vyake vyote. Lakini msimu ujao nitamleta uwanjani. Sitashika mguu wake. Nitaingia naye, nitalegeza kamba, nitarudi hatua tatu nyuma na kumwacha asimame. Jaji atakayekuwepo siku hiyo, naomba atazame saa yake.

Wenu kwa heshima,
Mfugaji wa shepadi na mwanachama wenu